Sahani ya Mama Kioko

Nilirudi Mbooni kwa sababu ya kalenda. Ilikuwa moja ya zile za karatasi moja kubwa, picha juu na miezi yote chini, imetundikwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Kitui. Nilikuwa nimeenda kununua misumari tu. Kwenye picha kuna mama ameketi chini kando ya sufuria, miguu mitupu imejaa udongo mpaka magotini, leso imechanika begani, ameshika sahani ya bati isiyo na kitu na anaitazama. Chini yake wameandika kwa herufi kubwa: LEO HAJALA. JE, WEWE?

Ile picha niliipiga mimi. Na yule mama siku hiyo alikuwa amelisha watu thelathini na wawili.

Nitaeleza. Mwaka jana shirika moja la Nairobi lilinituma nikanase maisha ya kila siku ya watu wa milimani. Hayo ndiyo maneno waliyotumia, maisha ya kila siku. Nikapanda vilima vya Mbooni, nikakaa siku nne kwa mjane anayeitwa Mama Kioko, na siku ya tatu alikuwa na mwethya. Kwa msomaji asiyetoka Ukambani, mwethya ni kazi ya pamoja: mwenye shamba anaita majirani, wanamchimbia mitaro ya kuzuia udongo usiteremke na mvua, naye anawapikia. Mtu huja na nguo yake mbovu kuliko zote, maana udongo wa kule hautoki. Na mwenye mwethya hula mwisho. Hupakua mpaka kila mtu aseme imetosha, ndipo anatafuta sahani yake. Mimi nilimnasa Mama Kioko wakati huo, sahani mkononi, anaangalia kama imeoshwa vizuri. Dakika mbili baadaye ilikuwa imejaa muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na nilipiga hiyo pia. Shirika halikuitaka.

Niliwapigia simu nikiwa bado mlangoni mwa duka. Dada aliyepokea alikuwa na sauti tamu kweli.

"Hiyo picha imefanya vizuri sana," aliniambia.

Nikamuuliza kama wanajua jina la yule mama. Hawakulijua. Nikamwambia hakuwa na njaa hata kidogo, alikuwa na magunia ya mahindi ghalani. Akasema, "Lakini si anakaa mtu ako na njaa?"

Nilimjibu maneno ambayo sitayaandika hapa. Nilifika studio yangu nikiwa na hasira, nikafungua kompyuta nitafute ile barua niliyowatumia pamoja na picha, niwaonyeshe makosa yao kwa maandishi. Niliipata. Sikuwa nimeandika jina. Sikuwa nimeandika mwethya wala muthokoi. Chini ya ile picha nilikuwa nimeandika nambari yake tu, basi. Hasira haikuisha, ila sasa ilikuwa na watu wawili wa kugawana.

Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, niliwasha pikipiki. Begani nilikuwa na kamera, na kifuani, ndani ya koti, bahasha yenye picha ishirini na mbili za siku ile ya mwethya, nimezipanga kuanzia jembe la kwanza mpaka sahani ya mwisho. Nilipita Kwa Vonza, nikavuka mto Athi ambao mwezi huo wa tisa ulikuwa umepungua, mawe nje. Masii niliacha barabara kuu nikashika ya kushoto, na vumbi likaanza.

Saa nne nilikuwa Mbumbuni, sokoni, kununua sukari na majani ya chai. Nilipoivua kamera niipanguse vumbi, mama muuza maparachichi alijifunika uso kwa mkono.

"Wewe! Usinipige! Unataka niende kwa kalenda?"

Wenzake wakacheka. Mimi nilicheka pia, kicheko cha mtu aliyeshikwa, nikairudisha kamera kwenye mkoba. Nililipa sukari nikaondoka bila kuuliza mengi.

Kutoka hapo njia inapanda. Kuna baridi kidogo, migomba inaanza, na kila mteremko umekatwa ngazi kwa ngazi na mitaro ambayo watu wameichimba kwa mikono, wakitupa udongo upande wa juu. Wanaiita fanya juu. Ukiitazama kazi ile halafu ukumbuke kwamba kuna mtu ofisini aliyeangalia vilima hivi na kuona watu wa kuhurumiwa tu, unaweza kurusha jiwe.

Mama Kioko nilimkuta anapepeta maharagwe. Aliniona tangu kwenye lango la miti, hakusimama. Nilipofika alinipa mkono, akaniuliza habari ya Kitui na habari ya mama yangu, akaingia jikoni. Akaniletea chai ya maziwa na kikwata, ndizi zilizopikwa na nyama, sahani imejaa. Alirudi kwenye maharagwe yake nikila.

"Umekunywa chai?" aliuliza mwishowe.

"Nimekunywa, mwaitu." Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na ndivyo nilivyomwita tangu siku ya kwanza.

"Umeshiba?"

"Nimeshiba kabisa."

"Haya. Sasa niambie kwa nini wewe ulisema mimi sijakula."

Nilijaribu kueleza habari za shirika. Alinisikiliza kama anavyosikiliza mtu anayeuziwa ng'ombe mgonjwa. Kisha akanieleza yale ambayo sikuwa nayajua, na ndiyo yaliyonivunja.

Kioko ni mwanawe wa pekee. Anafanya kazi Kibwezi, kwenye mashamba ya kumwagilia kando ya mto, na alikuwa shemasi katika kanisa lake. Mwezi wa kwanza kalenda zile zikagawiwa makanisani. Ya kanisa la Kioko ikatundikwa karibu na mlango. Mtu mmoja aliyewahi kufika kwao akamtambua mama. Jumapili iliyofuata kanisa zima likamwombea Mama Kioko apate chakula, Kioko akiwa ameketi mbele, kwenye kiti cha mashemasi. Baada ya ibada pasta akamwita kando akamwambia apumzike kwanza na huduma, mpaka amtunze mzazi wake.

"Kila mwisho wa mwezi hiyo kijana ilikuwa inanitumia unga, sukari, hata dawa ya ng'ombe," alisema. "Sasa anafikiri mimi nililia kwa mgeni nikisema ananinyima. Tangu mwezi wa pili hajanipigia simu. Nikimpigia, anasema ako kazini."

"Mwaitu, nisamehe."

"Mimi ntakusamehe aje na mtoto wangu hajarudi? Enda Kibwezi kwanza. Alhamisi niko na mwethya. Kuja na yeye."

Jumatano niliteremka kupitia Wote, nikaingia barabara ya Mombasa, na malori yakanisindikiza mpaka Kibwezi. Joto la kule si la mchezo ukitoka mlimani. Kioko nilimkuta shambani, kijana mrefu aliyefanana na mama yake mdomoni, ameinamia bomba la pampu. Nilipojitaja alisimama polepole. Nilidhani atanipiga, na kwa kweli nisingemlaumu.

"Wewe ndio wewe," alisema. "Unajua venye mtu huskia akiombewa mamake mbele ya watu? Unajua?"

Nilimpa bahasha. Alikaa kwenye tuta la mifereji akazitazama moja moja: majirani wakichimba, mama yake akikoroga sufuria kubwa kwa mwiko wa urefu wa jembe, mama yake akipakua, watu wakila, wazee wakikataa kuongezwa. Kisha ile ya sahani tupu. Kisha ile ya sahani iliyojaa, mama yake anacheka na mdomo una chakula. Alirudi nyuma akaziangalia hizo mbili tena.

"Alikuwa na mwethya," alisema, si kwangu. "Sikumuuliza. Miezi yote hii, sikumuuliza."

Tukaenda kwa pasta pamoja. Ni mtu mpole, mnene kiasi, na alitupokea vizuri kwenye ofisi iliyo nyuma ya kanisa. Tulipita mlangoni nikaiona kalenda yangu. Nilimwekea picha zote mezani kwa mpangilio. Alizitazama kwa makini, akavua miwani.

"Hizi ni picha," alisema. "Na ile ya mlangoni pia ni picha. Wewe mwenyewe unasema ni mkono wako. Sasa mimi nitajuaje ipi ndio ya ukweli?"

Miaka kumi na minne ya kazi hii, sijawahi kuulizwa swali lililonikera hivyo, na lililokera zaidi ni kwamba alikuwa na haki ya kuliuliza.

Kioko ndiye aliyejibu. "Pasta, kesho kuja ukule."

Alhamisi tuliondoka Kibwezi alfajiri, pikipiki mbili, Kioko amempakia pasta, na pasta amepakata mfuko wa unga wa kilo kumi. Nilimwambia auache. Alisema huwezi kwenda mikono mitupu kwa mtu mwenye shida. Nilikanyaga gia nikatangulia ili nisimkosee adabu mtu wa Mungu.

Saa nne tulifika. Majirani walikuwa tayari mtaroni, kama watu ishirini na tano hivi, wengi wao akina mama, wakiimba na kutupiana utani. Mama Kioko alitoka jikoni. Alimsalimia pasta kwanza, kwa heshima zote. Kisha akamgeukia mwanawe. Kioko alichukua jembe akashuka mtaroni. Pasta naye alivua koti akafuata. Mimi nilikuwa naitafuta kamera mkobani nilipomsikia Mama Kioko nyuma yangu.

"Hiyo weka kwa nyumba. Leo unachimba. Na chakula ikiiva, ni wewe unapakua."

Nilichimba. Udongo wa Mbooni ukiutupa juu nusu yake hukurudia, na kabla ya saa saba nilikuwa mwekundu kutoka nywele hadi vidole, shati limepasuka mgongoni. Sufuria ilipofunguliwa nilipewa mwiko. Nilipakua foleni nzima, muthokoi na maharagwe na mboga ya kunde, na kila mara mtu akisema imetosha Mama Kioko aliniambia niongeze. Pasta alikula sahani ya kwanza, akala ya pili, na ya tatu akaomba apunguziwe. Hakuna aliyempunguzia.

Kioko alikuja karibu na mwisho wa foleni, macho chini. Nilipoinua mwiko, mama yake aliunyakua mkononi mwangu. Alimpakulia yeye mwenyewe, taratibu, akichagua maharagwe.

"Umekonda," alimwambia. "Huko Kibwezi hawapiki?"

"Mwaitu, mimi nilifikiri..."

"Kula kwanza."

Akala amesimama palepale mbele yake. Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anatafuna. Mimi nilitazama kando.

Pasta, alipoweza kuinuka, alileta ule unga kwa aibu, ameushika kama mtoto wa mwenyewe. Mama Kioko aliupokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaingia ghalani. Alirudi na ule unga, na juu yake debe la ndengu.

"Hii yako na hii yangu," alisema. "Peleka Kibwezi kwa wenye hawajakula. Na ukifika, hiyo karatasi ya mlango uitoe."

"Nitaitoa," alisema pasta. "Na Jumapili nitasema kwa nini."

Mimi nilikuwa wa mwisho. Nilikwangua sufuria, nikapata sahani moja na nusu, na ule ukoko wa chini ambao ndio mtamu kuliko vyote, nikala mpaka nikalegea. Nilikuwa nimeketi chini, miguu mitupu, sahani imebaki mkononi, nikiitazama bila kuwaza lolote kwa shibe na uchovu, niliposikia mlio ninaoujua. Mama Kioko alikuwa amesimama mbele yangu na kamera yangu, ameitoa nyumbani, ameishika juu chini.

"Ni hapa ndio ulikuwa unafinya?" aliuliza.

Aliniletea nione kwenye kioo cha nyuma. Kusema kweli nilishtuka. Pale pameketi mtu mchafu, shati limeraruka, macho yamezama, amekumbatia sahani tupu kando ya sufuria tupu. Ukimwona utatafuta mfuko wa unga. Majirani walipokezana kamera wakicheka mpaka wengine wakakaa chini, na Kioko alicheka kuliko wote.

Ijumaa nilirudi Kitui kwa njia ileile. Jumatatu Kioko alinipigia simu: pasta alisimama mbele ya kanisa akakiri kwamba alikula Mbooni mpaka akashindwa kufunga koti, akamrudisha mbele kwenye kiti chake. Kwa lile shirika niliandika barua ndefu na kali, yenye jina la Mama Kioko kwa ruhusa yake, na bado sijajibiwa. Siwangojei. Tangu siku ile hakuna picha inayotoka mkononi mwangu bila jina la mtu na kile alichokuwa anafanya, na mteja asiyetaka maneno hapati picha.

Ile ya kwangu nimeitundika studio, kubwa, mkabala na mlango. Chini yake nimeandika kwa mkono maneno ambayo Mama Kioko aliniamuru niandike: HUYU NI MUSYOKA. AMESHIBA. Lakini watu hutazama kabla ya kusoma. Wakiingia, nakaa kimya nyuma ya meza, nao wananihurumia kidogo.