Mkono wa Muuguzi

Tangazo mlangoni lilisema wanawake wote waje kupimwa saratani ya matiti. Nilimsindikiza mke wangu kwenye kituo kimoja cha afya hapa Bariadi, nikajionea hao "wote" ni akina nani.

Mbele yetu alikuwa mama mmoja kutoka Mwandoya, amekuja na mdogo wake. Muuguzi akafungua daftari la yule mama, akakuta anatumia dawa za akili, akalifunga.

"Kliniki ya akili ni Alhamisi, mama."

Foleni ikacheka. Nami nilicheka.

"Nina uvimbe kwenye titi," mama akasema.

Muuguzi akamgeukia mdogo wa yule mama. "Dawa anameza kweli huyu?"

"Anameza. Huo uvimbe hata mimi nimeushika."

"Basi mlete Alhamisi wamwongezee dozi, atatulia."

Mama aliushika mkono wa muuguzi, akauweka kwenye titi lake, akaubana hapo hapo. Muuguzi akaacha kutabasamu.

"Haya, mwanangu," mama akasema, "mkono wako nao una kichaa?"

Rufaa iliandikwa upesi.

Saratani, nijuavyo mimi, haiombi daftari kabla ya kuingia mwilini. Wanaoliomba ni sisi wenye akili timamu, tena tunasoma ukurasa mmoja tu.