Maua ya Manjano ya Mama

Asubuhi moja naikumbuka hata sasa, mwanangu, Jumatatu yenye ukungu hapa mtaa wa Lumumba, mjini Bunia. Wadogo zangu mapacha waliamka wakilia, kila mmoja ana alama nyekundu kuzunguka shingo, kama ya vidole.

Mimi ndiye mkubwa, Yaya wao. Wazazi walipofariki niliacha shule, nikauza makaa sokoni, nikawalea mapacha na mdogo wangu Furaha, aliyekuwa na miaka minane. Nyuma ya nyumba, pale maji ya kuoga yanapotiririkia, Mama alituachia maua madogo ya manjano ambayo walimu wetu waliyaita kwa Kifaransa butoni-dori. Yalimetameta kana kwamba yamepakwa mafuta, hata siku ya mawingu, na mbuzi wa jirani waliyapita bila kuyagusa. Furaha aliyapalilia kila siku. Mara nyingine nilimsikia akizungumza huko peke yake. Anatega sikio, kisha anajibu.

Jumapili ile aliwafumia mapacha mikufu ya maua yale, nao wakashinda nayo shingoni. Majirani walipoona alama, walimtazama Furaha. Shingo yake ilikuwa safi, ila ncha za vidole vyake zilikuwa zimeungua.

“Kikulacho kiko mu nguo yako,” jirani mmoja aliniambia. “Uyu mutoto ni ndoki, muchawi. Aliwakaba mu usingizi. Mupeleke ku kanisa ya maombi, wamufungie kule.”

Nilikataa kumtoa. Lakini hofu ni mgeni asiyebisha hodi. Jioni niliuhamisha mkeka wa Furaha, nikauweka karibu na mlango, mbali na mapacha.

Tate, bibi mzee wa Mahagi tuliyepakana naye uzio, ndiye aliyeuona.

“Mukeka yake iko inafanya nini ku mulango?”

“Tate, siye tunaogopa.”

“Siye nani? Mapacha wanalia wanamutaka. Anayekufukuza hakuambii toka, na weye umeanza.”

Alichuma ua moja, akaliponda, akanifunga nalo mkononi kwa kitambaa. “Kesho ufungue.”

Nilipofungua, ngozi ilikuwa nyekundu yenye malengelenge, sawa na shingo za mapacha. Utomvu wa maua ndio uliowaunguza. Nilipita nyumba kwa nyumba nikionyesha mkono. Wengine waliinamisha macho; jirani yule alifunga mlango. Furaha nikamrudisha katikati ya wadogo zake, nikamwomba msamaha.

“Yaya, mimi ndiye nilikosa,” akasema. “Mama alinikataza nisiyakate.”

“Alikukataza lini?”

“Ile Jumamosi.”

Mama alikuwa na mwaka wa pili kaburini. Sikuuliza zaidi, na mpaka leo sijauliza.

Maua hatukuyang'oa. Tuliyazungushia mawe, na kila mvua yanazidi.

Basi, mwanangu, panda maua, yafurahie kwa macho, ila usimvalishe mtoto mmea usioujua. Na jambo la kutisha likiingia nyumbani kwako, mshike kwanza yule anayenyooshewa vidole, ndipo utafute sababu. Yapo mengine hutayapatia sababu kamwe. Hayo yaache yakae, mradi yasimle mtoto.

Mungu awalinde wote wanaolala chini ya paa lako, na kukipambazuka uwakute wote.