Tangi la Pili Halikurithi Alama

Nimechoka jamani. Watu wa hapa Lushoto wakiniona nimekaa barazani na kompyuta mapajani wanasema napumzika. Napumzika wapi!

Programu ya kulinda matangi ya maziwa ya ushirika wetu niliiandika mimi. Umeme ukikatika na joto likipanda, meseji inaingia kwenye simu ya mlinzi, awashe jenereta. Mlinzi alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama. Tangi la kwanza halikutusumbua kabisa. Tukaleta la pili, na asubuhi moja maziwa yake yakakutwa yamechachuka, yakamwagwa yote. Mjomba aliapa hakupata meseji. Kamati ikasema alilala, kisha akaifuta meseji. Ikamwita kikaoni ajieleze, la sivyo aondoke.

Nikaifumua ile programu mpaka macho yakauma. Juu ya kipande cha kupima joto niliweka alama. Kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi yetu kuwa lugha ya mashine, ikiiona alama hiyo inachomeka yenyewe amri ya kutuma meseji. Tangi la pili lilirithi kipande hicho hicho kutoka la kwanza. Kompaila ilipofika kwa mrithi, haikuiona alama. Wala haikulalamika, mjinga yule! Kasoro ni yake, si yangu wala ya mjomba. Nikaiandika alama upya kwa tangi la pili, nikajaribu, simu ikalia. Kidogo nilie na mimi.

Nilifika kikaoni nikihema. Mjomba alikuwa amesimama, kofia mkononi.

"Nililala," anasema. "Nisameheni."

"Shikamooni wazee," nikaropoka, "hakulala! Ni kompaila!" Nikaeleza urithi, nikaeleza alama. Mwenyekiti akanitazama kwa huruma.

"Mjomba wako kakiri mwenyewe, kijana. Wewe unamtetea tu ndugu yako."

Tulipotoka nje nilimfokea, Mungu anisamehe, mtu ninayempa shikamoo kila siku. Kwa nini useme uongo?

"Walishaanza kusema mashine yako mbovu," akanijibu taratibu, kwa Kishambaa. "Mimi nimeshazeeka. Wewe ndiyo kwanza unaanza."

Sasa kila umeme ukikatika, mlinzi mpya ananipigia kunishukuru: meseji imefika, jenereta linanguruma. Sina hamu hata ya kupokea simu yake.