Mama Mdogo wa Liverpool

Mimi si mwandishi, shule niliishia darasa la saba kwenye kambi ya wakimbizi, lakini hili la msimamizi wangu nataka libaki kwenye karatasi.

Nafanya kazi Guildford, kitongoji cha jiji tunaloishi sasa, kwenye nyumba ya vijana waliotengwa na familia zao. Tulikuwa na binti Mkongo wa miaka kumi na sita. Kila wenzake walipomcheka kwa rangi yake shuleni, alipanda treni hadi Liverpool, kitongoji kingine cha jiji hilihili, kwa mama aliyemwita mama mdogo. Huko alisukwa, akala, akarudi ametulia.

Siku ya kupanga usalama wake, msimamizi aliniuliza, "Huyo mama ni ndugu yake?"

Nikasema kweli: hapana, majirani tu wa kambini.

Akaandika: mtu asiyejulikana, hatari kubwa, asiende. Binti aliinamisha macho, kama tulivyolelewa mbele ya wakubwa. Nalo likaandikwa: anaficha jambo. Nikatia sahihi. Sijui kwa nini nilitia.

Wiki iliyofuata wakamcheka tena. Liverpool amekatazwa, akashinda stesheni ya Lidcombe peke yake mpaka polisi wakamwokota. Nilipomfuata alinijibu kwa Kiingereza, hata anti hakuniita: "Wewe ndiye uliyewaambia si ndugu yangu."

Tangu hapo nilimwekea msimamizi kinyongo. Si mtu mbaya, niseme haki. Aliwahi kunishikia zamu mwanangu alipougua. Lakini nilinunua daftari, nikawa naandika kila kosa lake. Nilitaka aumbuke mbele ya wakuu wake, ainamishe macho, nami nimgeuzie yale maneno aliyoyaandika.

Kikao cha kupitia mpango kilipofika, nilimwita mama mdogo mwenyewe, na binti naye alikuwepo. Nikasoma daftari lote, kuanzia kosa langu la kutia sahihi, maana la kwanza lilikuwa langu. Mkuu akamgeukia yule mama. "Unamjuaje huyu mtoto?"

Nikamtafsiria. Akajibu taratibu, "Nilimnyonyesha. Mama yake aliugua, nami nilikuwa na kichanga. Walinyonya pamoja."

Muda wote huo sikuwahi kumwuliza. Nikalitafsiri jibu lake.

Mkuu akafuta ile hatari kubwa. Binti akaruhusiwa kwenda Liverpool. Msimamizi akainamisha macho mezani, nami nikamwuliza, mbele ya wote, "Unaficha jambo gani?"

Nilisikia utamu, siwezi kusema uongo. Nikafungua mdomo nirudie.

"Anti," binti akasema kwa Kiswahili, "muache."

Nikamwacha. Daftari ninalo bado.