Jirani Aliyekuja Kuomba Maji

Wiki hii nilikusudia kuwaandikia kuhusu vumbi la mitaa yetu ya Dodoma na wale wanaochimba barabara kisha wakasahau kuzifukia. Vumbi litasubiri, halina pa kwenda. Jumanne asubuhi, nikiwa bado sijavaa viatu, binti wa jirani yangu alipiga hodi hapa kwangu Area D akaniambia mama yake ameaga dunia usingizini. Nilimpa pole, nikamkaribisha kiti, halafu nikaingia jikoni na kusimama mbele ya ndoo ya maji nisijue nimefuata nini. Marehemu alikuwa muuguzi mstaafu, mwenyeji wa Kondoa, mama wa miaka sabini na ushei, mfupi, mwenye mwendo wa haraka na utani usiokwisha. Hakuwa ndugu yangu wa damu. Ila kama leo naandika safu hii badala ya kuandikiwa tanzia, ni kwa sababu yake, na nimelia kama mtoto.

Miaka mitatu iliyopita daktari aliniambia moyo wangu umetanuka, kwa sababu ya presha niliyoipuuza muda mrefu, akaniandikia vidonge vya kumeza kila siku, maisha yangu yote. Nilimeza kwa miezi miwili. Miguu ikaacha kuvimba, pumzi ikarudi, nikapanda ngazi za ofisini bila kusimama, basi nikajitangazia kupona. Kila nilipokwenda kliniki daktari aliuliza, "Dawa unakunywa?" nami nikamjibu, "Nakunywa, daktari." Wala sikuona kama ni uongo. Huku kwetu mtu akiulizwa habari za nyumbani hujibu nzuri hata kama paa limeezuliwa na upepo. Mabaya huja baadaye, taratibu, salamu zikishakwisha. Shida ni kwamba mbele ya daktari mwenye foleni ndefu hiyo baadaye haifiki, unashtukia jina la mwenzako limeshaitwa.

Mama huyu alikuja siku moja kunisalimu tu, akaona kitabu mezani na karatasi ya vidonge imechomoza katikati ya kurasa. Nilikuwa nimeifanya alama ya nilipoishia kusoma. Akaivuta, akaihesabu kwa kidole, haikuwa imeguswa.

"Baba, hivi vidonge umevipeleka shule?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Hakunihubiria pia. Alinisindikiza hadi kliniki nikamweleza daktari ukweli, nikaanzishiwa dawa upya, na kuanzia siku hiyo kila saa moja na nusu asubuhi akawa anabisha hodi na kusema ana kiu, anaomba maji ya kunywa. Nani hapa kwetu atamnyima mama mzee maji? Nikileta glasi, anaishika bila kunywa. "Mimi sinywi maji ya watu peke yangu nikitazamwa. Lete na yako. Na kidonge chako kije tusalimiane." Kisha anafungua pindo la kanga, anatupia karafuu mdomoni kama ilivyokuwa desturi yake, tunakunywa pamoja, anaondoka. Siku nyingine nilikasirika, nikaona ananifanya mtoto. Mwezi wa Ramadhani, yeye akiwa amefunga, nikadhani nimepata likizo. Wapi! Alikuja vilevile, hakuomba maji, akasimama mlangoni mpaka nimeze.

Kuna mzee mmoja kijijini, upande wa Buigiri, mkulima wa uwele na mtama, ambaye mama huyu alikuwa akimtembelea kila mwezi kwa kuwa aliwahi kumuuguza wodini. Moyo wa mzee huyo ulikuwa na shida kama wangu. Safari moja nilimsindikiza. Mzee alisema dawa anakunywa vizuri sana. Mama akamwomba amwonyeshe zilizobaki, naye, kwa fahari kabisa, akatoa kopo la maziwa ya unga lililojaa vidonge vya miezi mingi, limefunikwa vizuri kama mbegu.

"Kumbe hunywi, mzee wangu."

"Nakunywa siku kifua kikibana. Zingine nimeweka akiba. Mwaka jana mvua ilitukataa, unajua mwenyewe. Nikizidiwa nitakuwa nazo."

Nilitaka kucheka, nikajizuia. Mtu aliyekulia kwenye ukame, anayekausha mlenda na kuhifadhi hata punje iliyodondoka, utamwambiaje amalize kitu chema siku ambayo hakihitaji? Mama akakaa kwenye kigoda. "Ng'ombe wako unawanywesha lini? Wakishaanguka?"

"Aka! Kila siku."

"Hata siku wasipolia?"

"Ng'ombe hangojwi alie."

"Basi na huo moyo wako usiungoje." Mzee akamkabidhi kopo lake. Mama akazikagua dawa, zilizopitwa na wakati akazitenga za kurudishwa hospitali, kisha akaomba maji ya kunywa.

Nimewasikia wengi wakisema wagonjwa wa siku hizi ni wakaidi. Sidhani. Kidonge cha maumivu hujitetea chenyewe, lakini hiki cha moyo unakimeza ukiwa mzima, kesho unakimeza tena ukiwa mzima, na hakuna anayekupongeza. Ni kazi ya upweke. Daktari anaijua dawa. Upweke huo anaujua anayekaa nao.

Jioni, baada ya maziko, binti yake aliniita kando akanionyesha daftari la kliniki la mama yake, limechakaa kwa kushikwa. "Mama alikuwa na moyo kama wako, tangu hujahamia hapa," akasema. "Zile hazikuwa karafuu. Alikuwa anakaa na kidonge mkononi, anakitazama tu, mpaka chai inapoa. Akawa anaona aibu, muuguzi mzima ashindwe kumeza. Alipojua na wewe humezi, akasema amepata mwenzake." Ramadhani, kumbe, yeye alikuwa akimeza wakati wa daku, na binti ndiye aliyekuwa akiamshwa anywe maji naye. Muda wote huo nilidhani nabebwa. Laiti ningejua, ningemfungulia mlango kwa furaha zaidi.

Ninachokiacha kwenu leo ni hiki: usimuulize mgonjwa wako kama anakunywa dawa, maana atakujibu ndiyo kwa adabu. Kaa naye anywe, na wewe unywe hata maji tu. Naandika hivi nikiwa nimetoka Buigiri. Jumamosi nilipanda basi mapema, dawa yangu mfukoni, kwenda kumpa yule mzee habari. Aliniamkua akitazama nyuma yangu.

"Mama umemwacha wapi?"

Nikamwambia. Akaufuta uso kwa kiganja, akaingia ndani. Nilidhani amekwenda kulia. Akarudi na vikombe viwili vya maji, kidonge chake kikiwa tayari mkononi.