Viriba Ambavyo Havikuchanika

“Shoga, mtoto akifundishwa na mtoto mwenzake, atajua nini?”

Jirani aliuliza hivyo wakianua nguo, na Mama Bustani akacheka mpaka kibanio kikamtoka mdomoni.

Leo hacheki. Ni saa moja asubuhi, amepiga magoti kwenye mteremko ulio nyuma ya shule ya msingi anakotunza bustani. Mche uliosinyaa alioushika umeng’oka bila kubisha. Umetoka na kiriba chake, ule mfuko mweusi wa nailoni uliooteshewa. Hakina hata tundu. Ndani yake mizizi imejizungusha, imekosa pa kwenda.

Anang’oa wa pili. Kiriba. Wa tatu nao vivyo hivyo.

“Mola wangu,” anasema polepole. “Tumezika viumbe hai.”

Miche iko mia mbili. Waliipanda watoto wa darasa la pili, wakiongozwa na wanafunzi wa sekondari ya jirani ambao kila Jumamosi huja kuwafundisha wadogo zao kuotesha miti, kumwagilia, na kutambua ndege na wadudu. Mpango ni wa Mama Bustani, aliyechoka kuzoa tope linaloteremka hadi madarasani kila mvua ikinyesha. Mwalimu mkuu alikubali kwa sharti moja: miche ikifa, mteremko utasawazishwa uwe maegesho ya magari, na Jumamosi hizo ndiyo basi tena.

Leo Jumamosi, miche ikiwa imesinyaa, mwalimu mkuu amekuja na nyundo na vigingi vya kupimia maegesho.

Kiongozi wa vijana ni binti wa kidato cha tatu. Wadogo wamembandika jina la Dada Kiriba kwa ukali wake kitaluni, kwani aliyechana kiriba udongo ukamwagika alinyimwa zamu ya kumwagilia. Siku ya kupanda aliteremka bombani kuongeza maji, akiamini kwamba kuvua kiriba kabla ya kufukia ni jambo ambalo kila mtu analijua. Aliporudi alikuta mashimo yamefukiwa na wadogo wamejipanga, wanangoja sifa. Akawasifu.

“Na mimi nilikuwepo,” anajisemea Mama Bustani. “Niliona miche imesimama wima, nikamshukuru Mungu, nikaenda zangu kunywa chai. Viriba vitupu viko wapi, hata sikujiuliza.”

Dada Kiriba anafika na kundi lake, wadogo wakiwafuata, anaiona ile miche iliyolazwa chini, anakaa kwenye udongo na sare yake.

Mwalimu mkuu, ambaye tayari amepigilia vigingi viwili, anauliza ni nani aliyewaambia watoto wapande hivyo. Anayejibu ni msichana wa darasa la pili, kifua mbele.

“Dada alisema kiriba kikichanika mche unakufa. Sisi hatukuchana hata kimoja.”

Nyundo inabaki hewani. Dada Kiriba anajifunika uso.

Mama Bustani anachana kiriba kimoja kwa ukucha, anatafuta kwa kidole hadi anapata mzizi mweupe, wenye majimaji.

“Mwalimu, mingine ina uhai. Tuachie mvua hii moja tu. Tutaing’oa yote na kuipanda upya, na safari hii sitoki hapa hata kwa chai.”

Binti amesogea hadi kwa yule mdogo, amechuchumaa mbele yake.

“Leo tunachana, mdogo wangu. Nilikosea mimi, si wewe.”

Mtoto anaokota mche mmoja, anauficha mgongoni. “Utakufa, dada.”

“Hautakufa. Lete mkono.”

Vidole vidogo vinaongozwa na vikubwa, nailoni inachanika taratibu, na mtoto anafumba macho. Anapoyafumbua, anautazama mche kama anayengoja uanguke. Haujaanguka.

Mwalimu mkuu anang’oa kigingi cha kwanza, kisha cha pili. Anavipangusa udongo, anavibana kwapani, anatoka zake getini.