Kiti cha Namutebi

Namutebi hakuwa mtu wa kusitasita. Alifika Juba na sufuria mbili na mwiko, akafungua mgahawa katika mtaa wa Nyakuron, na leo ukiuliza matoke mazuri yako wapi, hata mtu wa bodaboda aliyeanza kazi jana atakupeleka kwake. Lakini wiki hiyo kulikuwa na jambo lililomkaa rohoni. Mdogo wake Edrine alikuwa amempigia simu kutoka kwao Masaka: chumba cha duka kimepatikana sokoni, na mwenye chumba anataka jibu kabla ya Jumapili.

"Dada, rudi nyumbani," alisema. "Huko wewe ni mgeni tu."

Maneno hayo yalimuuma.

Jumamosi akaenda msibani kwa jirani yake Anyieth, aliyefiwa na mama mkwe. Misiba ya mtaa ule ina taratibu zake. Mgeni hupewa kiti cha plastiki chini ya turubai, akaletewa chai ya kwanza, yenye sukari ya kutosha. Watu wa nyumbani hukaa mkekani au hushinda jikoni nyuma ya nyumba, na chai huwafikia ikibaki. Miaka yote Namutebi alihudhuria na sufuria kubwa ya matoke, na miaka yote alikuta kiti kinamngoja.

"Karibu, Madam," alisema Anyieth kwa Kiswahili chake cha Kakuma, kambi ya wakimbizi alikokulia. "Asante kwa chakula. Wewe kaa hapa, usijisumbue."

Akakaa, akaletewa chai. Akaitazama ile chai na hasira ikampanda. Marehemu alikuwa akija mgahawani kila asubuhi, anakunywa uji na kumsengenya kila mpita njia, na wawili hao walicheka mpaka wateja wakalalamika. Leo ndiyo aambiwe asijisumbue? Akaweka kikombe chini, akavua viatu, akajifunga leso kiunoni, akaelekea jikoni bila kumwomba mtu ruhusa.

Wanawake wakageuka kumtazama. Mmoja alikuwa akitokwa jasho juu ya sufuria ya asida, ugali wao wa mtama. Namutebi akaupokea mwiko, akaanza kusonga kama wanavyosonga kwao Masaka, kwa nguvu zote, huku akiongeza unga, mpaka mwiko ukasimama wenyewe.

Shangazi yake Anyieth, bibi aliyekula chumvi nyingi, akaubonyeza ule ugali kwa kidole. Akakunja uso.

"Wewe Namutebi, hii iko ngumu kama tofali. Nani atakula?"

Hakukuwa na Madam wala asante.

"Nitaongeza maji, mama."

"Maji imeisha. Chukua jerikeni, enda pampu. Na rudi haraka, watu iko na njaa."

Jiko zima likaangua kicheko. Namutebi naye akacheka mpaka machozi yakamtoka, na mengine yalikuwa ya marehemu. Akabeba jerikeni. Lilikuwa linajaa pale kwenye pampu Edrine alipopiga simu.

"Dada, nimwambie nini mwenye chumba?"

"Ampe mtu mwingine," alisema Namutebi. "Mimi nasubiriwa nipeleke maji."

Jioni alikaa mkekani, kati ya shangazi na Anyieth, miguu imejaa vumbi. Chai ilipomfikia ilikuwa imepoa, na sukari ilikuwa imekwisha zamani. Akainywa yote.